Mlezi wa wanangu hataki kunipa namba yake ya kodi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Houston, Texas. Mume wangu anafanya kazi ghalani, anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee. Naingia saa moja jioni, natoka saa moja asubuhi, usiku wanne kwa wiki. Mwaka jana mishahara yetu wawili ilifika kama $86,000.

Binti yetu mkubwa ana miaka 17, wa pili ana 8, kitinda mimba ana 4. Hao wawili wadogo wanalelewa na dada mmoja wa kwetu Tanga, nyumbani kwake, tangu katikati ya 2023. Nikitoka kazini nampelekea mdogo, kisha narudi kulala. Wa shule anashuka kwenye basi mlangoni kwake saa tisa, na baba yao anawachukua wote jioni. Tunamlipa $200 kwa wiki. Mwaka jana zilikuwa wiki 48, yaani $9,600. Nyingine nimemtumia kwa Zelle, njia ya kutumiana pesa kutoka benki, nyingine nimempa mkononi.

Shangazi, huyu dada kwetu si mlezi tu. Kitinda mimba wetu alikuwa akijibu kila kitu kwa Kiingereza, siku hizi ananiambia, "Mama, maandazi ya leo hayana iliki." Nilipofiwa na baba yangu 2024 ni yeye aliyewalaza wanangu kwake siku tatu, akakataa malipo.

Sasa mwenzangu kazini kaniambia kuna nafuu ya kodi kwa wazazi wanaolipia malezi ili waende kazini. Nikamuuliza anayetujazia ritani, zile fomu za kodi za kila mwaka. Kwanza alisema, "Nyie ya watoto mmeshapata." Nilipomng'ang'ania akakubali kwamba ipo nyingine, ila inataka jina, anwani na namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii ya Marekani, ya anayelea. Nikampigia dada simu. Alinyamaza, halafu akasema, "Mwenzangu, tumefika mahali pa kunipeleka serikalini?" Tangu siku hiyo akinifungulia mlango anampokea mtoto bila kunitazama usoni.

Mume wangu anasema atoe namba au tuwahamishe watoto. Yule wa ritani anasema nitumie namba ya mdogo wangu aliyeko Dallas, eti nani atajua. Mdogo wangu amekubali.

Na mimi mwenyewe moyo hautulii. Mchana mimi nalala, sifanyi kazi. Je, si uongo kusema nalipia malezi ili nifanye kazi? Halafu Jumamosi binti mkubwa ndiye anawaangalia wadogo zake, tunampa $30. Na kule Muheza mama yangu alipata kiharusi, tunamlipa msichana wa kumhudumia shilingi 150,000 kila mwezi. Mume wangu anasema zote ziingie. Nishauri, Shangazi, nimechoka.

Mama wa Watatu, Houston

---

Marahaba mwanangu. Pole kwa baba, na pole kwa mama.

Naanza na namba ya mdogo wako, maana hilo likishaandikwa halifutiki kwa kuomba radhi. Usilifanye. Ukiandika kwamba mdogo wako alipokea $9,600 kwa kulea watoto, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, itamwona yeye kuwa ndiye aliyepata hizo pesa. Ritani yake haitazionyesha, na barua itakwenda mlangoni kwake. Atajibu nini? Kwamba alikuwa anamlea mtoto wa Houston kila asubuhi akiwa Dallas? Na chini ya ritani mnaweka saini nyinyi, wewe na mumeo, mkikiri kwamba yaliyomo ni kweli na kwamba mkisema uongo sheria iwashike. Faini ya udanganyifu inafika 75% ya kodi iliyokwepwa, na ritani ya udanganyifu haina muda wa kupitwa: hata baada ya miaka 10 wanaweza kuifungua. Mdogo wako amekubali kwa sababu anakupenda. Mpigie leo umwambie asante, lakini hapana.

Na huyo anayewajazia, mtazameni vizuri. Yeyote anayelipwa kujaza ritani ya mtu Marekani anatakiwa awe na namba ya PTIN, ya kuwatambulisha watayarishaji wa ritani, na aiandike kwenye ritani yenu pamoja na saini yake. Chukua ritani ya mwaka jana, nenda mwisho wa ukurasa wa pili wa Fomu 1040, pale chini kabisa. Kama sehemu ya mtayarishaji ni tupu, basi amekula pesa zenu kisha akajificha, na kesi ikija ni yenu peke yenu. Mtu aliyekushauri kutumia namba ya mtu mwingine mimi nisingemrudia hata kama PTIN anayo.

Sasa la usingizi, maana nimeona limekukaa rohoni. Mwanangu, lala. Sheria imekufikiria. Maelekezo ya IRS yenyewe yanatoa mfano wa familia kama yako: mmoja anafanya kazi mchana, mwenzake anafanya usiku na kulala mchana, na wanalipia malezi ya mtoto mdogo kwa saa ambazo huyu yuko kazini na yule amelala. Jibu lao ni kwamba malezi hayo yanahesabiwa kuwa ya kazi. Mtu aliyewageuza na kuwaosha wazee kwa muda wa saa kumi na mbili usiku kucha hawezi kukaa macho na mtoto wa miaka 4 mchana kisha arudi tena jioni akiwa salama. Hata siku zako za mapumziko zisikusumbue: unamlipa kwa wiki nzima, hulipi siku moja moja, kwa hiyo wiki inahesabiwa nzima.

Tuje kwenye pesa. Kuna nafuu mbili, na huyo wa ritani alizichanganya. Ya kwanza ni ile ya kuwa na watoto, ambayo kwa 2025 ni hadi $2,200 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 17. Hiyo mnapata kwa kuwa wazazi, muwe mmelipia malezi au hamkulipia. Ya pili ndiyo hii ya malezi, na inajazwa kwenye Fomu 2441. Kuipata ya kwanza hakukuzuii kuipata ya pili.

Hii ya malezi ni kwa mtoto ambaye hajafikisha miaka 13 siku alipolelewa, na ni lazima wewe na mumeo wote muwe na kipato cha kazi na mjaze ritani moja pamoja. Watoto wako wawili wadogo wanaingia. Gharama zinazohesabiwa zina ukomo: $3,000 kwa mmoja, $6,000 kwa wawili au zaidi. Kwa hiyo katika $9,600 zenu, IRS inatazama $6,000 tu. Kisha inachukua asilimia kulingana na kipato. Kwa ritani ya 2025, familia iliyozidi $43,000 inapata 20%. Kwenu ni $1,200.

Ukomo huo wa $6,000 haujaongezwa tangu 2003, na jambo hili linaniuma. Mwaka 2021 peke yake, wakati wa korona, ulipanda hadi $16,000 kwa watoto wawili na asilimia ikafika 50, na hata asiyedaiwa kodi alilipwa pesa mkononi. Mwaka uliofuata ukarudi palepale. Leo hii nafuu inapunguza kodi unayodaiwa, basi. Ikifika sifuri, inayobaki hupewi. Mama anayelea peke yake kwa mshahara mdogo, yule anayeihitaji kuliko wote, mara nyingi anaambulia kidogo au hapati kitu, kwa sababu kodi anayodaiwa ni ndogo. Nyinyi kwa kipato chenu kodi ipo ya kutosha, kwa hiyo $1,200 zote mtazipata.

Na zipo za nyuma. Amekuwa akilea tangu 2023, na mlikuwa hamjui. Ritani iliyokwisha kupelekwa inaweza kurekebishwa kwa Fomu 1040-X ndani ya miaka 3. Kwa 2024, kama mlilipa kiasi kama hiki, kuna nyingine $1,200, na kwa ile nusu ya 2023 kuna sehemu yake. Kumbuka hii miaka 3, nitairudia.

Sasa tumfikie dada yetu, maana barua yako yote imemzunguka yeye.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Mimi nililea watoto wa watu sebuleni kwangu kwa miaka 9, kuanzia 1993. Asubuhi walikuwa wanne, jioni wengine wawili. Nililipwa pesa taslimu kwa bahasha kila Ijumaa, na mimi mwenyewe ndiye niliyewaomba wazazi iwe hivyo. Nilikuwa naogopa hilo neno kodi kama dada yako anavyoliogopa. Nilipofika miaka 61 nikaenda kuulizia pensheni yangu. Nikapewa karatasi yenye safu ya miaka upande mmoja na upande wa pili kipato cha kila mwaka. Nikateremka na kidole: 1993, sifuri. 1994, sifuri. Sifuri zikashuka mpaka 2001. Watoto niliowafundisha kutembea na kushika kijiko, wengine sasa ni wahandisi, na kwa mujibu wa karatasi ile nilikuwa nimekaa tu. Pensheni ya Social Security inataka pointi 40, na mtu hupata pointi 4 kwa mwaka, hazizidi hapo. Nilikuwa na 26. Nikarudi kusimama kwenye mashine ya kulipia dukani kwa miaka mingine, na magoti haya.

Ndiyo maana nasema namba anayoificha si ya kukusaidia wewe peke yako. Kwa mwaka 2025 pointi moja ilitaka kipato cha $1,810, pointi zote 4 zilitaka $7,240. Anayejiajiri huhesabiwa faida iliyobaki baada ya gharama zake. Malipo yako peke yako, ukiondoa chakula na matumizi, yanaweza kumfikisha karibu na hapo, na kama ana watoto wa familia nyingine ndiyo kabisa. Kila mwaka anaoukalia kimya ni pointi 4 zinapotea, na huko nyuma hakurudiki kirahisi.

Anachoogopa ni kwamba atakatwa pesa zote alizopokea. Sivyo. Yeye anawalea nyumbani kwake, kwa hiyo si mfanyakazi wako, amejiajiri, na wewe huna fomu za mwajiri za kujaza. Kwenye ritani yake anaandika alichopokea, kisha anaondoa alichotumia kwa ajili ya watoto: maziwa, unga wa uji, nepi, sabuni, midoli, kalamu za rangi. Na kama ameandikisha malezi yake jinsi sheria za Texas zinavyotaka, huondoa pia sehemu ya pango na umeme. Karibu 92% ya kinachobaki ndiyo inayotozwa 15.3% ya Social Security na Medicare, bima ya afya ya wazee. Tuseme kwa familia zote alipokea $18,000 na akatumia $8,000. Kwa ile $10,000 iliyobaki atadaiwa kama $1,400. Si pesa ndogo, sikudanganyi, na akiambiwa ghafla mwezi wa nne itamshtua yeyote. Lakini ndiyo inayomnunulia pointi zake. Na kama ana watoto wake mwenyewe wadogo, ipo nafuu nyingine ya wenye kipato kidogo ambayo huenda ikamrudishia yote na zaidi.

Ipo hofu ya pili, na kwa hiyo nakuomba uwe mpole sana. Sijui hati zake zikoje, nawe usimwulize. Kama hana Social Security lakini ana ITIN, namba ya kodi ya wasio na Social Security, ITIN inatosha kabisa kwenye fomu yako. Lakini kama shida yake ni uhamiaji, hofu yake haitoki hewani. Mwezi wa nne 2025 wizara ya fedha na wizara ya usalama wa ndani za Marekani zilitiliana saini makubaliano ya kupeana taarifa za walipa kodi, jambo ambalo limepelekwa mahakamani. Mtu wa hali hiyo anahitaji kuzungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kuweka jina lake popote. Hilo ni lake kuamua, wewe huwezi kumwamulia kwa sababu ya $1,200.

Kwa hiyo usimpigie simu tena, na usimwandikie WhatsApp. Ulichomwomba kwenye simu kilisikika kama askari mlangoni. Nenda Jumapili, bila watoto, na kitu mkononi kama mtu anayekwenda kwa dada yake. Anza kwa kumwomba radhi kwa jinsi ulivyouliza. Mwambie wazi kwamba humshtaki, na kwamba fomu ina mstari mmoja tu kuhusu yeye: jina, anwani, namba, na kiasi ulichomlipa. Mwonyeshe Fomu W-10. Ni karatasi ndogo, anaandika humo jina, anwani na namba yake, anasaini, na inabaki nyumbani kwako. Haipelekwi IRS. Kisha mweleze habari ya pointi. Ukitaka, msomee barua hii, nimekuruhusu.

Halafu, na hapa mumeo asikie, nendeni na kitu cha kumpa. Mnataka kupata $1,200 kwa namba yake, na yeye anaweza kudaiwa kwa sababu hiyo hiyo. Mimi ningempandishia malipo, angalau sehemu ya hizo pesa ziende kwake kila wiki, na ningejitolea kumlipia mtu mzuri wa kumjazia ritani yake ya kwanza. Kuhusu kuwahamisha watoto: pigeni simu kituo chochote cha malezi mtaani kwenu, muulize bei ya mtoto wa miaka 4 wa kutwa na wa miaka 8 wa baada ya shule, ndipo mrudi tuzungumze kuhusu kuhamisha. Na hapo sijaitaja iliki.

Akikataa? Sheria haikufungii mlango. Unaandika jina na anwani unayoijua, na mahali pa namba unaeleza kwa maelezo mafupi yaliyoambatishwa kwamba ulimwomba akakataa. Uwe na ushahidi kwamba ulijitahidi kweli: nakala ya W-10 uliyompa, tarehe uliyompa. Nafuu inaweza kupatikana kwa njia hii. Lakini uelewe unachofanya, maana jina lake na kiasi alicholipwa vitakuwa vimeandikwa hata kama namba haipo. Usifanye hivyo nyuma ya mgongo wake. Mwambie kabla.

Na hapa ndipo ile miaka 3 inapoingia. Hamlazimiki kumaliza ugomvi huu kabla ya tarehe 15 mwezi wa nne. Pelekeni ritani ya 2025 bila Fomu 2441, iwe ya kweli na iliyokamilika kwa mengine yote. Mpeni dada yenu muda wa kufikiri, kuonana na wakili kama anahitaji, kujipanga. Akikubali mwezi wa nane, au mwakani, mtarekebisha kwa 1040-X na pesa zitakuja. Mimi ningekuwa wewe, na nikaona machoni kwake kwamba hofu yake ni ya hati, ningesubiri. Nikiona ni hofu ya kukatwa pesa tu, ningekaa naye na kalamu na daftari mpaka aelewe.

Daftari hilo liwepo kuanzia sasa kwa vyovyote. Pesa ya mkononi isiyo na karatasi haina mtetezi. Lipa kwa Zelle kila inapowezekana, na ukimpa taslimu andika tarehe na kiasi, yeye asaini pembeni. Daftari la shule la kawaida linatosha. Za mwaka jana, kusanya za Zelle zote kutoka benki, na zile za mkononi kaa naye mzikumbuke pamoja. Hata kama Zelle peke yake imefika $6,000, hizo zinatosha kuujaza ukomo wako.

Kwa 2026 mambo ni mazuri zaidi. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imepandisha asilimia, ingawa ukomo wa $6,000 waliuacha palepale. Wanandoa wenye kipato kama chenu, mpaka $150,000, watapata 35%. Kwa $6,000 hiyo ni $2,100 mtakapojaza ritani mwanzoni mwa 2027. Nalisema mapema kwa sababu kazini kwako wanaweza kukuletea ile akaunti ya malezi, ambayo mshahara wako unakatwa kabla ya kodi, nayo imepanda kutoka $5,000 hadi $7,500 kwa mwaka. Ukisikia hiyo namba utaikimbilia. Ngoja kwanza. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo kila dola unayoweka humo inakuokolea kama senti 20: 12 za kodi ya serikali kuu na karibu 8 za Social Security na Medicare. Ukiweka zote $7,500 umeokoa chini ya $1,500, na umeufuta ukomo wako wote wa $6,000, kwa sababu kinachopita kwenye akaunti hiyo kinaondolewa kwenye nafuu. Umepoteza $2,100 ili upate chini ya $1,500. Kwa mwenye kipato kikubwa zaidi hesabu inaweza kugeuka. Kwako nafuu inashinda. Na hata kwenye akaunti hiyo namba ya mlezi itadaiwa, kwa hiyo si njia ya kumkwepa dada.

Binti wa miaka 17 hahesabiki. Mtoto wako mwenyewe aliye chini ya miaka 19 hawezi kuwa mlezi kwenye fomu hii. Endelea kumpa $30 zake, anastahili. Na kwa kuwa likizo za kiangazi hazipo mbali: kambi ya watoto ya kutwa, ambako wa miaka 8 anarudi jioni, inahesabiwa. Ya kulala huko haihesabiwi.

La mama Muheza najua litawauma. Hizo shilingi 150,000 haziwezi kuingia. Mtu mzima asiyeweza kujihudumia anahesabiwa, iwe mzazi au mume au mke aliyepata kiharusi, lakini ni lazima awe ameishi nanyi nyumba moja zaidi ya nusu ya mwaka. Na kwa mzazi, IRS haimkubali kuwa tegemezi kama anaishi Tanzania, hata mngempelekea mshahara mzima. Mkifanikiwa kumleta siku moja akaishi nanyi, na nyinyi ndio mnaomtunza, gharama za mtu wa kumwangalia mkiwa kazini zitahesabiwa, ingawa ukomo ni ule ule wa $6,000 kwa wote pamoja, na watoto wenu wawili tayari wanaujaza. Mwambie mumeo nimelisikia, na kwamba hajakosea kuuliza.

Kwa hiyo leo mpigie mdogo wako wa Dallas. Jumapili nenda kwa dada na W-10 ndani ya mkoba, usiitoe mpaka mmekunywa chai. Na akijibu ndiyo au hapana, Jumatatu saa moja na nusu asubuhi mpelekee mtoto kama kawaida.

Shangazi